Nilikuwa wa Pili Kusema

Nilizaliwa Machame, kwenye kihamba cha babu, na kila asubuhi isiyo na mawingu niliiona theluji ya Kibo nikiwa mlangoni. Sikuwahi kuigusa. Kwetu theluji ilikuwa kitu cha kutazamwa tu. Babu, ingawa alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara, hakuacha kugeuza uso kuelekea Kibo kila alipoomba asubuhi. Mwinjilisti alimsema mara nyingi, mwisho akachoka. Nilipoigusa theluji kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka 34, tena si Kilimanjaro bali katika jimbo la Utah, Marekani, nikiwa nimebeba ndoo ya taka nyuma ya jiko.

Mahali penyewe panaitwa Alta. Ni mji mdogo sana, uliokaa juu kabisa ya bonde jembamba liitwalo Little Cottonwood, upande wa mashariki wa Salt Lake City. Kuna nyumba chache za wageni, na watu huja huko kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa kwenye viatu. Mimi nilikwenda kuosha vyombo, na msimu wa tatu nikawa mpishi msaidizi. Jumapili nilishuka bondeni kuabudu na wenzetu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao Wakongo na Warundi waliopitia makambi ya wakimbizi, pamoja na sisi Watanzania wachache. Huko ndiko nilikochaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu linahusika na habari hii, wala si kwa kujisifu.

Inabidi nimtaje pia baba yangu mdogo. Alikuwa mpagazi wa mlimani kabla sijazaliwa na kwa miaka mingi baadaye, na mguu wake wa kushoto una vidole viwili tu. Tulipokuwa watoto tulimwomba atuonyeshe, naye alituonyesha akicheka, lakini kisa chenyewe alinieleza nikiwa mtu mzima. Walikuwa wanatoka Shira kwenda Barranco wakipitia Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, na theluji ilikuwa imeanza kushuka tangu alfajiri. Alikuwa na viatu vya mtumba visivyo na soksi nzito, na mzigo wa mtu mwingine juu ya wake. Kiongozi wa msafara alisema twende. Wakaenda. "Niliona mapema kwamba ile siku si ya kupita kule," baba mdogo aliniambia. "Lakini mpagazi ni nani hata amwambie kiongozi arudi?"

Nilimsikitikia sana siku ile. Sikujua kwamba alikuwa ananieleza habari zangu.

Sasa niseme kidogo juu ya theluji, maana wengi wetu hatujaishi nayo. Mimi nilidhani ni kama mchanga kwenye lori, ikizidi inamwagika. Sivyo. Theluji hukaa kwa matabaka, kila dhoruba na tabaka lake. Ikianguka kidogo mwanzoni mwa majira ya baridi, halafu zikafuata wiki za anga safi na usiku wa baridi kali, chembe zake hubadilika, zinakuwa na pembe pembe na hazishikani tena. Ukizichota mkononi zinatiririka kama sukari ya dukani. Baadaye dhoruba kubwa inakuja na kuweka juu yake bamba zito lililoshikamana. Mama yeyote aliyewahi kuanika ulezi ataelewa upesi: tandaza mkeka juu ya ulezi ulioanikwa kwenye bati, inua bati upande mmoja, halafu panda juu ya mkeka.

Miteremko inayoporomoka zaidi ni ya nyuzi 30 hadi 45, na kwa bahati mbaya ndiyo hasa watu wa ski wanayoipenda. Upepo nao ni wa kuogopwa kuliko wingu, kwa sababu hukomba theluji upande mmoja wa kilele na kuirundika upande wa pili kwa kasi inayoishinda mara nyingi ile inayotoka angani. Na katika ajali zinazoua, karibu mara tisa kati ya kumi, aliyelianzisha poromoko ni yule yule aliyefunikwa nalo, au mwenzake wa msafara. Mlima haumwendei mtu nyumbani kwake. Sisi ndio tunaoukanyaga.

Aliyefukiwa ana dakika chache. Akipatikana katika dakika 10 za mwanzo, mara nyingi anapona. Ikipita nusu saa, wanaopona ni wachache. Kwa hiyo anayekuokoa si polisi wala helikopta, ni yule uliyetoka naye asubuhi. Kila mmoja hubeba kifaa kidogo cha redio kifuani kinachotoa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi. Wataalamu hutoa taarifa ya hatari kila asubuhi, yenye madaraja matano. Ungedhani watu hufa zaidi siku ya daraja la tano. La hasha, siku hiyo hakuna anayetoka. Wengi hufa siku za daraja la tatu, zile siku ambazo mtu bado anaweza kujitetea mbele ya nafsi yake. Dhoruba imepita, jua linawaka, miti imevaa nyeupe kama bibi arusi, na kila mtu ameshachoka kukaa ndani.

Majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021 yalikuwa mabaya. Theluji ya mwanzo ilikuwa haba, ikageuka sukari kila upande wa kaskazini, na kila dhoruba iliyofuata ilijengwa juu ya msingi huo. Hadi msimu unakwisha watu 37 walikuwa wamefariki katika maporomoko nchini Marekani. Wanne kati yao walikufa siku moja, Jumamosi tarehe 6 Februari, kwenye bonde la Mill Creek, si mbali na kwetu. Walikuwa vijana wenye uzoefu, wana vifaa vyote, na wenzao waliobaki juu ya theluji walichimba kwa mikono yao wakawatoa wengine wakiwa hai. Jumapili iliyofuata tuliomba kwa ajili ya familia zile. Ibada zetu zilikuwa za Zoom wakati huo kwa sababu ya korona, na mimi ndiye niliyepewa zamu ya kuongoza maombi ya watu wote. Niliomba vizuri. Watu wengi waliniandikia "Amina".

Siku kumi hivi baadaye dhoruba kubwa ilitukuta Alta.

Mji ule una amri yake ya pekee iitwayo Interlodge. Hatari ikipanda sana, kila mtu anaamriwa abaki ndani ya jengo. Barabara inafungwa, hakuna kutoka hata kufuata kitu kwenye gari, na ukikamatwa nje unashtakiwa. Si ukali wa bure. Mji ulianza kama machimbo ya fedha katika karne ya 19, na maporomoko yaliua makumi ya wachimbaji na kuvunja nyumba zao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa zamani aitwaye Montgomery Atwater alipewa kazi ya kulinda eneo lile, akaanza kutumia mizinga ya kijeshi kuangusha theluji kabla haijajiangusha yenyewe. Hadi wakati wangu mizinga ilikuwa ikilia alfajiri. Wakongo wetu waliokuja kunitembelea siku moja waliruka vitandani kwa sauti ile, na mmoja wao, mama mtu mzima, hakurudi tena Alta. Simlaumu.

Safari hii tulifungiwa zaidi ya siku mbili mfululizo. Wageni walikuwa wachache, wafanyakazi wachache zaidi. Tuliambiwa tukae mbali na madirisha yanayoelekea mlimani, tukatandika magodoro kwenye ukumbi wa chini. Jikoni tulikuwa watatu: mimi, shefu, na dada mmoja kutoka Peru aliyekuwa akiishi bondeni kwa shangazi yake. Shefu alikuwa Mmarekani wa miaka hamsini na kitu, mwenye majira zaidi ya 20 mlimani. Ndiye aliyenifundisha kukata kitunguu kwa haraka, na ndiye aliyenifundisha kutembea na ski kupanda mlima, nikiwa nimebandika chini yake zile ngozi zinazozuia kurudi nyuma. Alinipa beleshi lake la zamani. Nisimfanye mtu mbaya.

Siku ya pili ya kifungo ilikuwa tarehe 17 Februari, Jumatano ya Majivu. Mchungaji wetu alikuwa ametuagiza kila mmoja aandae majivu kidogo nyumbani kwake kwa ajili ya ibada ya simu. Jiko letu ni la gesi. Nikaenda kwenye sehemu ya kuotea moto ya wageni na kijiko cha supu, nikachota majivu ya mvinje wa kule, nikayaweka kwenye kisahani. Dada wa Peru aliniona akaelewa mara moja. Yeye ni Mkatoliki, mimi Mlutheri, na sikuwa na uhakika kanuni inasemaje, lakini padri wake alikuwa bondeni na barabara imefungwa. Nikampaka. Naye akanipaka mimi. Shefu alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Hakuwa mtu wa kanisa. Akainamisha kichwa bila kusema neno, nami nikampaka pia, kwa kidole kilichokuwa kinatetemeka, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba sisi ni mavumbi. Akasema, "Hilo nalijua." Nje upepo ulikuwa unavuma hadi glasi zikawa zinagongana kabatini.

Tulipofunguliwa, tulifanya kazi bila kupumzika kwa siku kadhaa. Kisha ikaja siku yetu ya mapumziko, na anga lilikuwa bluu.

Shefu alisema twende Grizzly Gulch, kibonde kinachoanzia pale pale juu ya mji, tupande hadi kwenye mgongo wa mlima, halafu tushuke upande wa pili, upande wa kaskazini unaoitwa Silver Fork, ambako theluji ilikuwa haijaguswa na mtu. Taarifa ya asubuhi niliisoma. Ilisema miteremko mikali inayoelekea kaskazini na mashariki bado si ya kuaminika, kwa sababu ile sukari ya chini ingali inabeba mzigo mpya. Shefu naye aliisoma. Alisema anakijua kipande kimoja ambacho amekishuka kila mwaka. Tukavaa. Tukapima vile vifaa vya kifuani kimoja kimoja. Halafu mimi, mzee wa kanisa, nikasema tuombe. Nikaomba ulinzi wa malaika, nikataja hata farasi na magari ya moto ya Elisha.

Nimelifikiria ombi lile mara nyingi. Halikuwa na kosa katika maneno yake. Kosa lilikuwa katika kazi niliyolituma likafanye. Nilikuwa nimeshaamua kwenda, na nilitaka Mungu atie sahihi.

Tulipanda kwa saa moja na nusu. Shefu mbele, mimi wa pili, dada nyuma. Karibu na mgongo wa mlima, mahali tambarare penye kivuli cha misonobari, nilisikia sauti chini ya miguu yangu. Sijui niifananishe na nini. Ni kama mtu ameangusha gunia la mahindi ndani ya ghala lililofungwa: "wumf". Na theluji yote iliyonizunguka ilishuka kidogo, upana wa kidole labda, kwa pamoja. Ni tabaka la sukari linavunjika chini na bamba la juu linakaa. Hiyo ni dalili ambayo kila kitabu cha mafunzo huiweka ukurasa wa kwanza. Mlima wenyewe unakuambia kwamba mahali palipoinuka zaidi ya hapo ungeshaondoka na wewe.

Nilimtazama shefu. Hakugeuka. Nikajiambia, amesikia, naye ndiye anayejua. Nikajiambia, tumeomba. Hatua 50 mbele ikalia tena. Nikanyamaza tena.

Ndugu msomaji, sikunyamaza kwa ujasiri wala kwa imani. Nilinyamaza kwa adabu. Nimelelewa kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu, na kwamba anayekulisha hapingwi. Mtu huyu ndiye aliyenipandisha kutoka kwenye sinki. Nilikuwa tayari kuingia kwenye mteremko ule, na kumwacha mke wangu na watoto wawili bondeni, ili nisionekane namwonyesha shefu kwamba amekosea. Baadaye nilisoma kuhusu mtafiti aitwaye Ian McCammon, ambaye alichambua mamia ya ajali za maporomoko nchini Marekani. Aliona kwamba waliokufa hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa na mafunzo, na dalili zilikuwa wazi mbele yao. Mojawapo ya mitego aliyoitaja ni huu wa kumfuata mtu anayeonekana mjuzi, kila mmoja nyuma yake akiweka akili yake mfukoni. Nilicheka peke yangu niliposoma. Nilidhani hiyo ni mila yetu ya Uchagani.

Tulifika kwenye mgongo. Upande wa pili mteremko ulikuwa laini kama shuka lililopigwa pasi. Shefu akaanza kubandua ngozi za ski zake.

Dada akasema, "Mimi naishia hapa."

Shefu akamweleza kwa upole kwamba tutashuka mmoja mmoja, kwamba anaufahamu ukingo mzuri. Dada akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia ile sauti mara mbili. Mimi narudi tulikotokea. Na siwezi kurudi peke yangu, kwa hiyo mmoja wenu atakuja nami." Alikuwa na miaka 22. Ulikuwa msimu wake wa tatu. Alikuwa anatetemeka, na si kwa baridi.

Kukawa kimya kirefu. Ndipo mdomo wangu ukafunguka: "Shefu, hata mimi nimesikia. Turudi wote."

Tukarudi wote. Njiani hakuna aliyesema kitu. Kwa siku tatu shefu alinisemesha habari za chakula tu. Siku ya nne, akiwa anakoroga supu na mgongo wake kwangu, akaniuliza kama nilisikia mara moja au mara mbili. Nikamjibu mara mbili. "Mimi mara tatu," akasema, akaendelea kukoroga.

Nilimwuliza dada alikopata nguvu ya kusema. Hakunijibu habari za nguvu. Aliniambia habari za bibi yake, aliyezaliwa karibu na mji wa Yungay, chini ya mlima Huascarán, ulio mrefu kuliko yote Peru. Mwaka 1962 barafu na mawe kutoka mlima ule viliufunika mji jirani wa Ranrahirca, watu maelfu wakafa. Mwaka huo huo wapanda milima wawili wa Marekani, David Bernays na Charles Sawyer, waliona ukuta mkubwa wa barafu juu ya Yungay ambao ungeweza kuanguka, wakatoa habari gazetini. Serikali ikawaambia waikane habari hiyo au waende jela. Wakaondoka nchini, na wenyeji wakakatazwa kulizungumza jambo lile. Tarehe 31 Mei 1970, siku ya Jumapili alasiri, ardhi ilitetemeka, na upande wa mlima ukang'oka. Ndani ya dakika chache Yungay haikuwepo. Kanisa lilifunikwa pamoja na uwanja wake, zikabaki ncha za mitende kadhaa. Walionusurika walikuwa wachache: watoto waliokuwa wamekwenda kutazama sarakasi mahali pa juu, na watu waliokimbilia kilima cha makaburi. Juu ya kilima kile kuna sanamu ya Kristo aliyenyoosha mikono, nayo iko hadi leo.

"Bibi alisema watu walijua," dada aliniambia. "Si wote, lakini wengi walikuwa wamesikia. Kila mmoja aliogopa kuwa ndiye atakayeonekana mjinga."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimewahi kuhubiri juu ya Ezekieli, yule mlinzi ambaye akiona hatari akanyamaza atadaiwa waliopotea. Nilikuwa nimehubiri juu ya Yesu kwenye ukingo wa hekalu, jinsi mwovu alivyomkumbusha ahadi ya malaika. Yesu hakubisha kwamba malaika wapo. Alikataa tu kuruka. Nilihubiri yote mawili kwa sauti kubwa, na nilipofika kwenye ukingo wangu mwenyewe aliyekataa kuruka alikuwa binti ambaye nilikuwa nimempaka majivu juma lililotangulia.

Habari ilifika kanisani, kama habari zinavyofika. Mchungaji akaniomba nitoe ushuhuda. Hapo ndipo nilipopata shida kuliko mlimani. Mnajua ushuhuda wetu unavyokwenda: nilikuwa karibu na mauti, Bwana akanitoa, haleluya. Nilijaribu kuuandika hivyo nikashindwa. Kwanza, mteremko ule haukuanguka. Haukuanguka siku ile wala juma lile. Kwa kadiri nilivyouona ulibaki pale hadi jua la Aprili lilipouyeyusha. Inawezekana kabisa tungeshuka salama, tukarudi tukinywa chai, na mimi ningetoa ushuhuda wa malaika. Pili, wale wanne wa Mill Creek. Nilikuwa nimewaombea mama zao kwa mdomo wangu. Ningesimama vipi niseme Mungu alinipenda mimi akanigeuza, bila kusema jambo la kutisha juu ya watoto wao?

Basi nilieleza kama ilivyokuwa. Nilisema niliomba ili nisisikie. Nilisema aliyetuokoa, kama tuliokolewa, ni dada wa Peru, na kwamba nadhani Mungu alikuwa amesema mara mbili chini ya miguu yangu na mimi nikamwona hana adabu. Waumini walikaa kimya kwenye vile visanduku vya Zoom. Kisha mama mmoja wa Bukavu, mtu wa maombi kweli kweli, akawasha kipaza sauti chake akauliza kwa upole, "Papa mzee, sasa muujiza uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo namheshimu kwa swali lile. Nilimwambia tu kwamba nimerudi nyumbani na nina vidole vyote.

Juma lile lile kulikuwa na kikao cha wazee. Kulikuwa na jambo la fedha za jengo ambalo wote tulikuwa tumeliona haliendi sawa, na ambalo hakuna aliyetaka kuligusa kwa sababu ya mtu aliyelishika. Siwezi kulieleza hapa, lilikwisha kwa amani. Nasema tu kwamba nilipofungua mdomo, mikono yangu ilitetemeka kama ya yule binti, na nilipomaliza wawili wengine wakasema hata wao walikuwa wameona.

Mwezi wa tatu nilimpigia simu baba mdogo. Alikuwa kihambani, nilisikia kuku. Nikamsimulia yote, sauti ya gunia ghalani, mgongo wa mlima, shefu akibandua ngozi. Alikuwa ananikatiza kwa maswali ya mtu anayejua: upepo ulitoka wapi, jua lilikuwa upande gani, mlibeba kilo ngapi. Nilipofika mwisho akauliza, "Ukasema?"

"Nilisema, baba. Lakini nilikuwa wa pili."

Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Sisi tulikuwa saba," akasema.

Kisha akaniuliza kama theluji ya huko nayo inauma vidole jioni, hata ukiwa umeshakaa karibu na moto.